Mama Yake Yu Hai

Kisiwa cha Nonouti, 11 Machi 2009

Mwanangu Bitiara,

Mauri. Sote tunapumua, namshukuru Mungu. Goti la mzee wangu Tioti limevimba tena, na hataki kukandwa na mtu mwingine ila mimi, utadhani sina kazi nyingine. Lile shimo letu la magimbi ya babai lililoingia maji ya chumvi limeanza kutoa majani; Krismasi huenda tukachimba chochote. Nguruwe jike amezaa, akalalia watoto wake wawili, mjinga yule.

Watu wako wa shirika walikuja. Nasema watu wako kwa sababu ni wewe uliyewaelekeza hapa, na walipotua tu walitaja jina lako kama watu wanaotaja nenosiri. Mwanamke anaitwa Janelle, na mwanamume wa kamera anaitwa Darren. Tuliwapokea kwenye ukumbi wetu wa maneaba na mashada ya maua, kijiji kizima kikacheza, wazee wakatoa hotuba ya shukrani kwa lile tangi walilotujengea mwaka jana. Unajua lenyewe linavyofanya kazi: mvua inapiga bati la maneaba, inashuka kwenye mifereji, inaingia tangini, tunafungua bomba tunakunywa. Hakuna cha ajabu.

Kumbe hapo ndipo penye tatizo. Janelle alilitazama tangi akasema ni zuri sana, halafu akanyong'onyea kama mgeni aliyeandaliwa samaki mbichi. Akamwambia mwalimu Kabwea amtafsirie: "Tunahitaji na ile hali ya kabla."

Nikamwambia, "Kabla imeshapita, mama. Mngekuja kabla."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akauliza kile kisima cha zamani kiko wapi. Kiko palepale, nyuma ya mabanda ya nguruwe, na sasa hata nguruwe wanakidharau. Mimi nikaenda jikoni kuwachomea samaki, maana mgeni hali maneno. Niliporudi na sinia nikawakuta kisimani. Wamemvua mwanao Teretia gauni lake la kanisani, wamemvika fulana ya Tioti ya kuvulia, ile iliyotoboka, na wamempa kopo anywe. Nikauliza, "Nini hiki?" Darren akasema jua lilikuwa limejificha, kwa hiyo arudie. Mtoto akanitazama. Nami nikampokonya lile kopo, lakini alikuwa ameshakunywa zaidi ya mara moja.

Kisha wakamrudishia gauni, wakamchana nywele, wakamsimamisha bombani, akanywa tena huku akicheka. Hiyo ndiyo "baada". Mchana mmoja, Bitiara! Samaki wangu hata hajapoa.

Sikula nao. Tumbo limemsumbua Teretia kidogo, lakini usiwe na wasiwasi. Anakusalimu.

Mimi shangazi yako,
Taabua


Brisbane, 30 Aprili 2009

Shangazi yangu mpendwa,

Mauri. Barua yako imenifikia wiki hii. Aliyebeba aliisahau Tarawa kwenye mkoba wa mkewe. Mwambie mzee Tioti pole ya goti. Mimi niko salama, baridi imeanza, na wale Wasamoa ninaoishi nao nyumba moja wameanza kwaya tena, kila jioni ni mazoezi. Nimewatumia vitambaa na kandambili za Teretia. Nimekisia mguu wake. Kama ni ndogo, unisamehe, nakadiria mtoto anayekua bila mimi kumwona.

Shangazi, nakusikia. Lakini nawe nisikilize kidogo. Kazi yangu hapa ni kupokea simu za wachangiaji. Si matajiri hawa. Wengi ni wazee wanaoishi kwa malipo ya uzeeni, na wanatoa kila mwezi. Wakipiga simu wanauliza jambo moja tu: "Mchango wangu umebadilisha nini?" Nami sina cha kuwaonyesha ila picha. Janelle anasema tangi halimlizi mtu. Wanahitaji kumwona mtu mmoja, uso mmoja, jana yake na leo yake. Wasipoona, wanaacha kutoa, na kijiji kinachofuata hakipati tangi. Watu wa kisiwa cha Marakei wanangoja. Je, nao wakose kwa ajili ya fulana moja iliyotoboka?

Na funda la maji ya kisima halimuui mtu. Sisi sote tumekulia hayohayo.

Mbona safari hii Teretia hakuniandikia hata mstari? Huwa anaweka jina lake chini ya lako, herufi zikiangalia kila upande. Mwambie mama yake amezikosa.

Wako,
Bitiara


Nonouti, 19 Julai 2009

Bitiara,

Mauri. Kandambili zimefika, ni ndogo. Tumempa mtoto wa katekista. Tioti anatembea. Mvua ilikuwa nzuri mwezi wa tano, tangi limejaa hadi linatapika.

Shirika lako limetuletea jarida lake kama zawadi, boksi zima la nakala, zimekuja na ndege pamoja na barua ya kutushukuru. Halmashauri ya kisiwa ikaona ni jambo kubwa. Tukaitwa sote kwenye maneaba, wazee mbele, kina mama nyuma, na mwalimu Kabwea akasimama atusomee kwa lugha yetu. Jarida lilipofunguliwa watu walipiga vigelegele: Teretia yuko kwenye jalada! Na kopo lake, na ile fulana ya kuvulia samaki. Tioti akasema, "Fulana yangu imefika Australia kabla yangu!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Kabwea akaanza kusoma. "Huyu ni Lucy." Watu wakacheka tena, Lucy nani? "Lucy ana miaka sita. Kila siku anatembea mwendo mrefu kutafuta maji." Hapo Nei Rakera, nesi wetu, akasema kwa sauti, "Mwendo mrefu kwenda wapi? Baharini?" Maana kisiwa chenyewe ukipiga chafya ng'ambo hii wanakuitikia ng'ambo ile. Kabwea naye anacheka. Akautazama mstari unaofuata, akaacha kucheka. Akataka kuufunika ukurasa. Mzee mmoja akamwambia, "Soma, mwalimu. Umeanza, malizia."

Akasoma: "Mama yake Lucy alifariki kwa maradhi ya maji machafu. Sasa Lucy hana mtu."

Hana mtu! Nimekaa pale na mgongo wake umeegemea kifua changu.

Halafu yule bingwa wa mdomo, Nei Kaue, unamjua, akasema, "Taabua, ulimzika lini Bitiara? Hata karamu hukutualika!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka pia kwa kuwa pale mbele za watu ningefanya nini? Lakini kile kicheko kilinikaa mdomoni kama samaki aliyeoza.

Teretia aliniuliza njiani, "Mama amekufa?" Nikamwambia hapana. Akauliza, "Basi kwa nini mwalimu amesema?" Nikamwambia mwalimu amekosea kusoma. Nimemsingizia Kabwea, mtu asiye na kosa, kuificha aibu ya waajiri wako.

Sasa nataka unijibu maswali mawili. La kwanza, ulilijua hili? La pili, kama ulilijua, ulikaaje kimya ukiitwa maiti?

Taabua


Brisbane, 6 Septemba 2009

Shangazi,

Mauri. Nimechelewa kujibu. Kazi imekuwa nyingi, tena nilipata mafua. Wasamoa wamehama, nyumba imekuwa kimya sana. Nimesikia Nei Kaue amepata mjukuu, mpe hongera zangu pamoja na mdomo wake.

Umeniuliza kama nilijua. Niliona bango kwanza. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi asubuhi, nikageuka, mwanangu amenisimamia ukutani, uso mpana kama mlango. Nilifurahi, Shangazi, Mungu anajua. Nikasogea nimguse. Ndipo nikasoma.

Nilikwenda kwa Janelle. Akaniambia jina limebadilishwa ili kumlinda mtoto, na kwamba hiyo si hadithi ya mtoto mmoja, ni ya watoto wengi, wameiweka katika uso mmoja. Nikamwambia, "Lakini uso huo ni wa mwanangu." Akanishika bega, akaniambia, "Na umetusaidia kuliko unavyojua. Hatujawahi kupata wachangiaji wengi hivi." Kisha simu yangu ya mezani ikalia, nikaenda kuipokea. Alikuwa bibi mmoja akiniuliza Lucy anapenda rangi gani, anataka kumfumia sweta.

Nilimjibu manjano.

Mengine sitaki kuyaandika. Kibali changu cha kukaa hapa kimefungwa na kazi hii, unajua. Nikiondolewa kazini, narudi mikono mitupu.

Mwezi ujao kuna chakula kikubwa cha jioni cha wachangiaji. Wanataka nicheze ngoma yetu nikiwa nimevaa kikwetu, halafu waonyeshe filamu. Sijakubali wala sijakataa.

Nami nina swali moja. Katika barua zako zote mbili hujanieleza lile tumbo la Teretia liliishaje. Na ile ya pili, tena, hakuweka jina lake.

Bitiara


Nonouti, 27 Septemba 2009

Bitiara,

Barua hii naiharakisha, ndege iko uwanjani na rubani amekubali kuningoja.

Nilikuficha kwa kuwa uko mbali na hukuwa na la kufanya. Sasa naona kukuficha kumekufanya uandike upuuzi kuhusu funda la maji ambalo halimuui mtu. Wewe ulikulia maji ya kisima kilichokuwa kikitumika, kinachochotwa kila siku, na tulikuwa tukiyachemsha. Hiki kimekaa mwaka mzima kikipokea mikojo ya nguruwe.

Alianza kuharisha kabla hata vumbi la gari la Janelle halijatulia. Alitoka maji matupu, yale yasiyo na rangi. Nikampa dafu na chumvi, akatapika. Macho yakazama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Tulimpeleka zahanati kwenye kiti cha baiskeli, Tioti na goti lake akisukuma. Nei Rakera alitafuta mshipa mpaka naye akaanza kulia. Mkono wote ulikuwa umekauka kama ng'onda. Alipoupata, akamtundikia dripu, akaniambia, "Mwite katekista." Katekista akaja, akamwombea maombi ambayo huombewa watu wa umri wangu.

Mungu alimrudisha. Lakini ilichukua muda kabla hajaweza kushika kalamu. Na hata sasa hanywi kitu bila kukinusa kwanza. Maji ya tangi, uji, dafu alilolipasua mwenyewe, ananusa kama paka.

Basi ndiyo hivyo. Walikuja na tangi, tukawa wazima. Wakarudi na kamera, wakatuletea ugonjwa walioukosa. Nikilifikiria nataka kutema mate, na nimeyatema sana mwaka huu.

Cheza ngoma yako. Mimi sikukatazi.

Taabua


Brisbane, 15 Novemba 2009

Shangazi,

Sijui nianze na salamu ipi. Mauri, na unibusie Teretia, kama atakubali.

Barua yako ilifika siku ya chakula chenyewe. Niliisoma kwenye choo cha ule ukumbi, nimeshavaa sketi ya majani na shada kichwani, mafuta ya nazi mikononi. Nilikaa mle mpaka Janelle akaja kugonga: "Bitiara, zamu yako, mpenzi."

Nilicheza. Nitakwambia ukweli, nilicheza vizuri. Walipiga makofi, taa zikazimwa, filamu ikaanza. Nikamwona anainua kopo. Sauti ya mtu wa filamu inasema hana mtu duniani. Anakunywa, anakunja uso. Anainua tena. Wewe ulisema zaidi ya mara moja, waliziunganisha zote. Kisha yakaja maandishi, "Mwaka mmoja baadaye," na muziki, na gauni lake la kanisani, na bomba. Ukumbi mzima ulikuwa unapangusa machozi. Taa zilipowaka Janelle akanipa kipaza sauti niseme neno la shukrani kwa lugha yetu.

Nikasema kwa lugha yao. Nikasema: "Mtoto yule anaitwa Teretia. Mama yake hajafa, ni mimi. Hakuugua kwa kukosa tangi. Aliugua kwa sababu tangi lilikuwepo na hawa hawakulitaka kwenye picha."

Janelle akacheka kidogo, akawaambia watu nimezidiwa na hisia, akaunyoosha mkono achukue kipaza sauti. Sikumpa. Nikaeleza yote, kisima, fulana, dripu, katekista. Mwanamume mmoja wa meza ya mbele alisimama akasema nimeharibu jioni ya watu wema na nirudi kwetu. Wengine wakatazama sahani zao. Darren alikuwa anafunga nyaya zake.

Halafu bibi mmoja mzee, Noreen, akainua mkono kama yuko darasani. Nilimtambua kwa sauti, ndiye yule wa sweta. Akauliza, "Na hilo tangi linafanya kazi?"

Shangazi, nimefanya kazi pale miaka mitatu, na sijawahi kusikia mtu yeyote akiuliza hivyo. Nikamwambia linafanya. Nikamwambia limejaa mpaka linamwagika, kwamba kina mama hawachemshi tena maji ya kunywa, na nesi anasema watoto hawaji kwake kwa matumbo kama zamani.

Akamgeukia Janelle. "Basi si ndilo nililolichangia? Mbona hamkunionyesha hilo? Mlidhani mimi ni mtu wa namna gani, nisiyeweza kufurahi mpaka mnichukulie mtoto mumwulie mama yake?"

Shirika liliniandikia niache kazi, halafu kesho yake Janelle akanipigia simu. Nilidhani anataka kuomba radhi. Alisema mambo yamevuja, wachangiaji wanapiga simu wamekasirika, na shirika linataka kurekebisha. Watanilipia safari ya kurudi. Sharti ni moja: Darren aje nami, arekodi mama na mtoto wanavyokutana uwanjani, ili watu waone mambo yamekwisha vizuri. Alisema, "Itakuwa nzuri mno, Bitiara. Na safari hii itakuwa kweli."

Nilikata simu.

Sijamjibu. Kibali changu kinaisha mwezi wa kwanza. Sina nauli nyingine, na ninamtaka mwanangu. Niambie nifanye nini.

Bitiara


Nonouti, 6 Desemba 2009

Mwanangu Bitiara,

Mauri. Mauri kweli safari hii, kwa kuwa nilipoisoma barua yako nilipiga kelele Tioti akadhani nimeng'atwa na mbwa. Babai tumechimba, ni ndogo lakini ni zetu. Mwalimu Kabwea nimemwomba radhi mbele ya Teretia, akasema yamekwisha.

Yote niliyasoma kwenye maneaba. Nisamehe, lakini aibu ilisomwa pale, na haki isomwe palepale. Uliposema "mama yake ni mimi," Nei Kaue alipiga paja lake, akasema, "Maiti imesema!" Na safari hii nilicheka kwa tumbo langu lote. Ulipofika kwa yule bibi Noreen, wazee wakaamua aandikiwe barua na halmashauri. Kabwea ameiandika, wala haina maneno mengi: mvua ilinyesha lini, tangi limejaa kiasi gani, mfereji mmoja umelegea na tumeukaza wenyewe, karibu uje unywe. Hawakuweka picha. Wamesema watamwandikia kila mvua zikiisha, apende asipende.

Kuhusu kamera. Wazee wamesema huyo Darren akishuka na wewe ndegeni, hakuna atakayekupokea. Si kwamba tunakukataa. Uwanja utakuwa mtupu, watu wote wako majumbani na milango imefungwa, naye ataurekodi mchanga. Nami nimeunga mkono. Kukutana kwako na mwanao si mali ya kuonyeshwa watu.

Nahodha wa meli inayobeba kopra, zile nazi kavu, ni binamu ya Tioti. Atakuwa bandarini Suva mwanzoni mwa Januari. Fika Suva kwa namna yoyote, kanisa letu la hapo Brisbane watakuchangia, nimeshawaandikia, usijifanye una haya. Utalala juu ya magunia, utanuka kopra mwezi mzima, lakini utakuja peke yako.

Hasira yangu haijaisha, ujue hivyo. Lile la rangi ya manjano bado linanikereketa kooni. Tutaligombania ukishakula.

Jana nilimwambia Teretia kwamba mama yake anarudi nyumbani. Alikuwa ameshika kikombe chake. Alikinusa, akanywa, akakiweka chini taratibu, akaniuliza, "Anakuja kunipiga picha?"

Sikumjibu, Bitiara. Njoo umjibu wewe.

Shangazi yako,
Taabua